Nani Hushika Saa Wengine Wakilala?

Mlowo ni mji wa biashara ulio kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Songwe. Mahindi, maharage na kahawa hupitia hapo, na malori ya kwenda Zambia na Kongo hayakatiki usiku wala mchana. Mwaka jana nilikaa mjini humo siku nne kwa shughuli za kifamilia. Fundi mmoja wa simu, kijana wa miaka 20 na ushei, aliposikia kwamba nafundisha mambo ya kompyuta Chuo Kikuu, aliniletea kesi iliyokuwa imemnyima usingizi.

Simu yenyewe ilikuwa ya mama mmoja mfanyabiashara wa mahindi, aliyeinunua ikiwa imekwisha kutumika. Kwa mama huyo simu ndiyo benki, ndiyo daftari la wadeni, na ndiyo njia ya kujua kama mnunuzi wa Mbeya ameleta fedha kabla gunia halijapakiwa. Iliwekwa chaji usiku kucha, lakini ifikapo saa 6 mchana ilikuwa imezimika. Fundi alikwisha kubadili betri mara mbili, mara ya pili kwa fedha yake mwenyewe, na sokoni maneno yalikwisha anza kusemwa kuwa anauza betri bandia.

"Shikamoo mwalimu," aliniambia, na nilipoitikia akaiweka simu mezani. "Simu hii haitumiki. Mama anaitia kwenye mkoba, kioo kimezimwa. Sasa humo ndani nani anakesha?"

Nimefundisha somo hili kwa miaka kadhaa, na sijapata kusikia likiulizwa vizuri zaidi. Katika makala haya nitajaribu kumjibu kijana yule kwa kirefu kuliko nilivyoweza siku ile.

Kengele ya shule ya mwalimu mmoja

Kwanza yafaa tuelewane juu ya maneno. Kichakataji ni kile kijenzi cha kompyuta kinachotekeleza maagizo, agizo moja baada ya jingine. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia mashine nzima, na kiini chake ni sehemu ya ndani kabisa, ile inayoamua ni programu ipi itumie kichakataji, kwa muda gani, na ipi ingoje. Simu za Android, ambazo ndizo nyingi katika soko letu, hutumia kiini kiitwacho Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Simu, basi, ni kompyuta kamili, na yote nitakayosema juu ya kompyuta yaihusu.

Kichakataji hakina hisia ya wakati. Kikipewa programu inayozunguka bila mwisho, kitazunguka nayo mpaka umeme ukatike. Hakichoki, wala hakikumbuki kwamba wengine wanangoja. Kwa sababu hiyo wahandisi walikiwekea pembeni saa ndogo ambayo hukishtua kila baada ya kipindi kifupi. Kinaposhtuliwa, kichakataji huacha kilichokuwa kikifanya, huweka alama mahali kilipofikia, na kukipa kiini nafasi ya kuamua la kufanya. Kitendo hicho ndicho tutakachokiita katizo la saa.

Msomaji aliyesoma shule ya msingi vijijini ataikumbuka rimu ya gari iliyotundikwa mtini na kupigwa kwa chuma. Ikilia, mwalimu huweka chaki chini hata kama sentensi haijakwisha. Pasipo kengele hiyo, mwalimu apendaye somo lake angefundisha hesabu mpaka jua lizame, na Kiswahili kisingepata nafasi kamwe.

Zamani kengele hiyo ilipigwa bila kupumzika. Mfumo wa Unix, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ulihesabu wakati kwa vipande vya moja ya 60 ya sekunde, kwa kuwa saa ya mashine ilifuata umeme wa ukutani, na umeme wa Marekani hupwita mara 60 kwa sekunde. (Wetu hupwita mara 50. Wazee wa fani hii watakumbuka pia kwamba mwaka 1974 Serikali yetu ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini, kwa hiyo wengi wetu hatukupata nafasi ya kuzihesabu pwito hizo hapa nyumbani.) Linux, katika kompyuta za kawaida za mezani, ilianza na makatizo 100 kwa sekunde, mwaka 2003 yakapandishwa hadi 1000, mwaka 2005 yakateremshwa hadi 250, idadi ambayo mtumiaji aliweza kuibadili. Kupanda na kushuka huko kwaonyesha mvutano ambao haujakwisha mpaka leo. Kengele za karibu karibu huifanya mashine iwe nyepesi kuitika na kupima muda kwa makini, lakini kila kengele ni kazi iliyosimamishwa na umeme uliotumika.

Vichakataji vinane, ubao mmoja

Kompyuta za enzi za Unix ya kwanza, karibu zote, zilikuwa na kichakataji kimoja. Linux ilianza kusimamia vichakataji vingi kwa pamoja katika toleo la 2.0, mwaka 1996. Leo simu ya bei ya kadiri ina vichakataji vinane ndani ya chipu isiyozidi ukucha, na hapo ndipo kengele ya rimu inapoanza kutatiza.

Katizo la saa lina kazi mbili ambazo katika shule ya mwalimu mmoja hazikuhitaji kutenganishwa. Ya kwanza ni ya kila kichakataji peke yake: kuangalia kama programu inayotumika sasa imekula zaidi ya fungu lake. Kazi hii haiwezi kufanywa na jirani, kwa hiyo kila kichakataji hupewa saa yake ya kengele. Ya pili ni ya wote: kuandika ubaoni ni saa ngapi. Hii yapasa ifanywe mara moja tu. Kama vichakataji vyote vinane, kila kimoja kwa katizo lake, vingeongeza alama moja ubaoni, wakati wa mashine ungekimbia mara nane ya wakati wa jua.

Linux hutatua jambo hili kama shule zetu zinavyofanya, kwa kuweka mwalimu wa zamu. Kichakataji kimoja hukabidhiwa kazi ya kuendeleza hesabu ya wakati, na vingine vyote husoma tu ubaoni. Kikitaka kulala huiachia zamu, na kingine kilicho macho huichukua. Ikitokea vyote vimelala, hakuna anayeandika, na hakuna madhara. Kwa maana chini ya mpango huu wote kipo kihesabio cha kielektroniki ambacho hakisimami. Katika chipu nyingi za simu kihesabio hicho ni kimoja, na kila kichakataji chaweza kukisoma. Atakayeamka wa kwanza hutazama kihesabio, hujua ni muda gani umepita, na kuurekebisha ubao kwa mkupuo mmoja.

Lipo pia tatizo la foleni. Kengele nane zikilia kwa nukta ile ile, vichakataji vyote hukimbilia vitu vile vile vya pamoja ndani ya kiini, na vitu hivyo hulindwa kwa kufuli ambalo mmoja tu aweza kulishika kwa wakati mmoja. Ni sawa na madarasa manane kutolewa yote pamoja kwenda kunywa maji penye bomba moja. Dawa yake ni kupishanisha kengele kidogo kidogo, na Linux inayo njia ya kufanya hivyo. Lakini dawa hiyo ni sumu kwa simu: madarasa yakipishana, uwanjani hakukosi mtu, na shule haipati hata dakika moja ya kimya. Kwa kompyuta kubwa iliyochomekwa ukutani nitachagua kupishanisha. Kwa simu ya mama wa Mlowo nitachagua wote waamke pamoja, wamalize pamoja, na walale pamoja.

Hapa niungame. Nilipokuwa masomoni Uingereza kwa shahada ya uzamivu, tulitumia miezi mingi kuhesabu makatizo, na shabaha yetu ilikuwa kasi tu. Mashine zilikaa katika chumba chenye ubaridi, na umeme haukukatika. Hakuna aliyeuliza, nami sikuuliza, ni nini gharama ya katizo linalomwamsha asiye na kazi.

Gharama hiyo si ndogo. Vichakataji vinane vikikatizwa kila kimoja mara 100 kwa sekunde, ni makatizo 800 kwa sekunde, au 2,880,000 kwa saa, hata kama simu imelala kwenye mkoba na hakuna anayeigusa. Mwezi Aprili 2007 Linux, katika toleo la 2.6.21, ilipata njia ya kuiacha kengele hiyo, kazi iliyoongozwa hasa na Thomas Gleixner na Ingo Molnár. Kichakataji kisicho na kazi hujiuliza kabla ya kulala: ni jambo gani la kwanza linalonisubiri? Kama ni baada ya nusu sekunde, hutega kengele moja ya nusu sekunde na kulala moja kwa moja, bila kuamshwa mara hamsini njiani ili kuambiwa kwamba bado hakuna kitu.

Hata hivyo usingizi una vina. Katika usingizi mwepesi, saa ya kichakataji huendelea kufanya kazi. Katika usingizi mzito, ambao ndio huokoa betri kwa kweli, umeme hukatwa hata kwenye saa hiyo, na kengele iliyotegwa hufa pamoja na aliyeitega. Kwa hiyo kabla ya kuzama, kichakataji humwachia ujumbe mlinzi wa usiku, yaani saa nyingine iliyo nje ya vichakataji na isiyozimwa: niamshe hesabu ikifika hapa. Mlinzi mmoja aweza kushika ujumbe wa wengi, naye hutazama ule ulio karibu zaidi.

Na vina hivyo havifikiwi na mtu mmoja mmoja. Vichakataji hugawana njia za kumbukumbu na hazina za data za karibu, na vitu hivyo vya pamoja havizimwi mpaka kichakataji cha mwisho kimelala. Saba wakilala na mmoja akikesha, taa ya ukumbi huwaka kwa ajili ya huyo mmoja. Kwa sababu hiyo kiini hujitahidi kuzikusanya kazi ndogo zenye kungoja muda kwa yule ambaye tayari yu macho. Kwa miaka mingi Linux ilibahatisha: wakati wa kutega kengele ilijaribu kukisia ni jirani yupi angekuwa macho saa ikifika, na aghalabu ilikosea. Tangu toleo la 6.9 la mwaka 2024, kila mmoja hubaki na kengele zake, ila anapolala huziorodhesha katika kundi lake, na wa mwisho kulala katika kundi ndiye huchukua dhamana ya orodha hiyo.

Sekunde moja ya mwaka 2012

Msomaji aweza kudhani kwamba mipango hii ya zamu na walinzi ni ya kunyoosha mambo tu, na kwamba ikikosewa hasara ni betri peke yake. Kabla tu ya saa 9 usiku kwa saa zetu, kuamkia tarehe 1 Julai 2012, ulimwengu ulipata funzo jingine.

Usiku ule wataalamu wa wakati waliongeza sekunde moja katika saa za dunia, kwa kuwa dunia haizunguki sawasawa na saa za atomiki. Katika mashine za Linux, mwenye zamu aliirudisha nyuma hesabu ya ubaoni kwa sekunde moja, kama ilivyotakiwa. Lakini kila kichakataji kilikuwa na nakala yake ya tofauti kati ya kihesabio kisichorudi nyuma na saa ya ukutani, na nakala hizo hazikurekebishwa. Matokeo yake, programu iliyoomba kulala kwa muda usiozidi sekunde moja kwa kufuata saa ya ukutani iliambiwa kwamba muda wake umekwisha pita. Ikaamka, ikaomba tena, ikaambiwa vile vile, bila kikomo. Vichakataji vilivyopaswa kuwa vimelala vikawa vinakimbia kwa nguvu zote. Tovuti ya Reddit ilikwama, na abiria wa shirika la ndege la Qantas la Australia walicheleweshwa kwa kuwa mfumo wa kuwasajili ulikwama.

Mtu atauliza, kwa nini mwenye zamu hakuwaarifu wenzake? Sababu ndiyo inayonifanya niisimulie habari hii kila mwaka darasani. Sekunde ile iliongezwa ndani ya katizo la saa lenyewe. Kichakataji kilicho ndani ya katizo hakiruhusiwi kuwaita wenzake wote na kungoja waitike, kwa maana huenda mmoja wao anangoja kitu ambacho mwitaji amekishika, na hapo wote wawili hungojana milele. Mwenye zamu alikuwa na habari ya kutoa, lakini alikuwa mahali pasiporuhusu kupiga kelele. Marekebisho yaliyofuata, ambayo John Stultz alishika nafasi kubwa katika kuyaandaa, yaliweka utaratibu wa kuacha kumbukumbu, kutoka kwanza katika katizo, na ndipo kuwaarifu wote. Mwaka 2022 mkutano wa kimataifa wa vipimo uliazimia kwamba utaratibu huu wa sekunde za nyongeza ubadilishwe ifikapo mwaka 2035.

Madereva na wafanyabiashara wa Mlowo wamezoea badiliko kubwa kuliko hilo. Wakivuka mpaka kutoka Tunduma kuingia Nakonde, saa nzima hurudi nyuma, kwani Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja. Simu ikinasa mtandao wa ng'ambo hubadilika yenyewe, na si mara moja mtu amechelewa basi akiwa bado upande huu wa mpaka. Lakini ndani ya kiini hakuna kinachotikisika. Kiini huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa wakati mmoja wa dunia nzima, hakijui Tunduma wala Nakonde, na tofauti ya saa huongezwa juu kabisa, pale tarakimu zinapoandikwa kwenye kioo. Saa nzima ya mpakani ni rangi tu ya ukutani, ilhali sekunde ile moja ya 2012 iligusa msingi.

Kilichokutwa kwenye mkoba

Nilikuwa na kompyuta ya mkononi, tukaiunganisha na simu ya mama yule. Android huweka orodha ya kengele zilizotegwa na jina la programu iliyotega kila moja. Mfumo wa simu ile ulikuwa wa mwaka 2014. Android ya mwaka 2015 ndiyo iliyoanza kuzizuia programu zisiiamshe simu ovyo ikiwa imetulia mezani, na ile ya mwaka 2016 ikaongeza kizuizi chepesi zaidi kwa simu iliyo mfukoni au mkobani. Simu yetu haikuwa na ulinzi wowote kati ya hiyo.

Orodha ilikuwa ndefu, na nyingi ya kengele zake zilikuwa za halali: saa ya asubuhi, barua, mtandao. Kati yake palikuwa na programu ya tochi, ya bure, aliyoiweka mjukuu. Ilijitegea kengele ya kila sekunde 10 ili iulize kama kuna tangazo jipya la kuonyesha. Hiyo ni mara 360 kwa saa. Kila mara ilikishika kichakataji kimoja macho kwa sekunde kadhaa, na vile vingine saba, ingawa vililala, havikufika kwenye usingizi mzito. Mipango yote niliyoieleza, ya mwalimu wa zamu, ya mlinzi na ya kukusanya kengele, ilikuwa ikifanya kazi kama ilivyoandikwa. Kiini humtii aombaye. Hakiwezi kujua kwamba tochi haina haja na wakati.

Kijana aliiondoa programu hiyo. Tulijaza betri, na kesho yake alfajiri akaichomoa simu na kuiacha juu ya meza kutwa nzima, huku akiitazama kila mara kana kwamba ni mgonjwa. Nilimwambia kila akiwasha kioo anamwamsha mgonjwa. Ilipofika magharibi, betri ilikuwa imebakia zaidi ya nusu.

Mama alikuja siku iliyofuata. Nilianza kumweleza habari za vichakataji vinane, akanisikiliza kwa adabu mpaka nilipovuta pumzi. Kisha akamgeukia fundi na kumuuliza kama ile betri ya kwanza kabisa, ambayo kumbe haikuwa na kosa, bado ipo. Kijana akavuta droo. Ilikuwamo.